Mangi Meli wa Old Moshi na Kumbukumbu za Ukoo Wake

Historia ya sharika za Old Moshi haiwezi kuandikwa pasipo kumtaja mtu ambaye hakuwahi kubatizwa. Mangi Meli, mwana wa Rindi, ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi hii wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, na alikuwa angali akitawala walipofungua kituo cha Kidia mwaka 1896. Wazao wake, pamoja na wazao wa wazee waliokaa barazani pake, walikuja kuwa Wakristo wa kituo hicho na wa sharika zilizozaliwa nacho. Lakini kwa kuwa yeye mwenyewe hakubatizwa, vitabu vya Kanisa haviwezi kumtaja isipokuwa kama baba au babu wa mtu mwingine. Anayetaka kuyajua maisha yake hana budi kupita katika karatasi za Wajerumani, ambao ndio waliomnyonga, na katika masimulizi ya wazee, ambao ndio waliomlilia. Mashahidi hao wawili hawapatani kila mahali, na wala haifai kudhani kwamba yule aliyeandika ndiye mkweli kuliko yule aliyesimulia.

Shida huanza tangu kuzaliwa kwake. Siku hizi huandikwa kwamba alizaliwa mwaka 1866. Mwaka huo ni makisio. Uchaggani katika siku zile hapakuwa na mtu aliyeandika siku ya mtoto kuzaliwa. Umri wa mtu ulijulikana kwa rika lake, kwa wenzake waliotahiriwa pamoja naye, na kwa mambo makubwa yaliyoipata nchi, kama vile vita, njaa, au ile tauni ya ng'ombe iliyopita Afrika Mashariki mnamo mwaka 1890 na 1891. Mtu akijua rika la babu yake aweza kukisia umri wake kwa tofauti ya miaka kadhaa. Tarakimu moja kamili yenye miaka minne haitoki huko. Kwa hiyo lililo la hakika ni hili tu, kwamba Meli alipoushika umangi mwaka 1891 alikuwa bado kijana, naye alipouawa mwaka 1900 alikuwa mtu mzima mwenye wake na watoto.

Baba yake alikuwa Mangi Rindi, mtu aliyejulikana sana na wasafiri wa wakati wake. Karl Klaus von der Decken, Charles New na Harry Johnston, kila mmoja kwa wakati wake, waliandika habari zake, na huko pwani na Ulaya aliitwa Mandara. Wengine wameandika Makindara. Hapa mjukuu anayetafuta habari za ukoo hupotea kwa mara ya kwanza. Aweza kusoma kitabu kizima kumhusu Mandara pasipo kutambua kwamba anasoma habari za babu yake Rindi, au akadhani kwamba walikuwa watawala wawili, mmoja baada ya mwingine, na hivyo kukiongeza kizazi kimoja katika ukoo ambacho hakikuwapo.

Jina la nchi nalo hutega. Katika barua na ramani za Wajerumani neno Moschi, kama walivyoliandika wao, lilikuwa na maana ya nchi ya Mangi Rindi na Meli, huko juu mlimani. Mji wa Moshi ulioko chini tambarare ulikua baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipoufikia, na tangu hapo nchi ya juu ikaitwa Old Moshi. Mtu akikuta katika karatasi ya mwaka 1895 kwamba babu yake alikuwa mtu wa Moshi, asimtafute mjini. Vivyo hivyo Machame huandikwa Madschame, na Wachagga wenyewe huitwa Dschagga. Tena barua nyingi za siku zile ziliandikwa kwa mkono wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawawezi kuusoma wasipofundishwa.

Karatasi zilizotiwa alama na Rindi mwenyewe pia zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mwaka 1885, kabla Meli hajatawala, baba yake aliweka mkataba na mjumbe wa Sultani wa Zanzibar, Jenerali Mathews, na wiki chache baadaye akaweka mwingine na Karl Jühlke kwa niaba ya Wajerumani. Kila upande ulijihesabu kuwa umepewa nchi. Mtawala mmoja hawezi kuwapa watu wawili nchi moja katika mwaka mmoja, ila kama hakuwa akiitoa kabisa, bali alikuwa akitafuta marafiki wenye bunduki. Mikataba ile yaonyesha vizuri kile ambacho wageni walitaka kiandikwe. Rindi alifikiri nini juu yake, hilo halimo ndani yake.

Rindi alifariki mwaka 1891, na Meli akarithi nchi iliyokuwa imezungukwa na taabu. Wajerumani walikuwa wamejenga boma Marangu, kwa Mangi Marealle, na Carl Peters alikuwa amekaa hapo kama kamishna. Mwezi Juni mwaka 1892 jeshi la Wajerumani chini ya Albrecht von Bülow lilipanda kuishambulia Old Moshi. Wapiganaji wa Meli wakalishinda. Bülow alijeruhiwa na kufa, na Wajerumani wakaliacha boma la Marangu kwa muda. Kushindwa kwa jeshi la dola kubwa ya Ulaya na kijana wa mlimani ni jambo ambalo halikusahauliwa na upande wowote.

Jambo hilo ndilo lililobadilisha pia njia ya Injili katika nchi hii. Kabla ya Walutheri, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wameanza kazi Old Moshi mwaka 1885, kwa ruhusa ya Rindi. Baada ya vita vya mwaka 1892 Wajerumani waliwashuku kwamba walimsaidia Meli kupata silaha, wakalazimishwa kuondoka, nao wakahamia Taveta. Mahali pao pakachukuliwa na Misheni ya Leipzig. Waumini wengi wa sharika hizi wamelelewa wakijua kwamba wao ni Walutheri kwa sababu wamisionari Walutheri walikuja. Ni kweli, lakini Walutheri walikuja Old Moshi kwa sababu Meli alishinda vita, na hilo halisomwi mara nyingi katika historia za Kanisa.

Ushindi haukudumu. Mwezi Agosti mwaka 1893 Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa lenye mizinga, ngome za Meli zikavunjwa, naye akalazimika kutii. Boma la Wajerumani likahamishiwa Old Moshi, karibu na mtawala waliyemhofu, na Kapteni Kurt Johannes akawa mkuu wake. Kwa miaka zaidi ya sita Meli alitawala akiwa chini ya macho ya boma. Katika miaka hiyo ndipo kituo cha Kidia kilipofunguliwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 Kapteni Johannes alipelekewa habari kwamba watawala kadhaa wamepanga njama ya kuwaondoa Wajerumani, na kwamba Meli alikuwa mmoja wao. Je, njama hiyo ilikuwapo? Karatasi za boma zasema ilikuwapo, na ni lazima ziseme hivyo, kwa kuwa bila njama hukumu isingekuwa na sababu. Masimulizi ya Old Moshi yasema kwamba Mangi Marealle wa Marangu ndiye aliyepeleka habari hizo, ili amwondoe mshindani wake. Kathleen Stahl, ambaye kitabu chake juu ya historia ya Wachagga kilitoka mwaka 1964, aliwasikiliza wazee wa nchi mbalimbali za mlimani, na msomaji wake huona jinsi kila nchi ilivyoyatunza mambo kwa namna iliyomfaa Mangi wake. Wazao wa Meli na wazao wa Marealle wamekaa katika Kanisa moja na kushiriki meza moja ya Bwana kwa zaidi ya miaka mia. Si ajabu kwamba wazee wengi walichagua kuinyamazia habari hii mbele ya watoto, na kunyamaza huko ni sababu mojawapo ya vijana wa leo kuikuta ikiwa nusunusu.

Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa katika mti mkubwa pale Tsudunyi, mbele ya watu wake. Walionyongwa siku hiyo walikuwa watu 19, miongoni mwao Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, pamoja na viongozi wa Wameru na Waarusha. Wazee husimulia kwamba Meli alikaa katika kamba kwa saa saba pasipo kukata roho, hata askari wakampiga risasi. Mtafiti wa mambo ya kale aweza kuitilia shaka hesabu ya saa. Hata hivyo, habari iliyosimuliwa hivyo na ukoo kwa vizazi vitatu na vinne yaeleza jambo ambalo taarifa ya boma haikujali kulieleza, yaani kile ambacho watu waliosimama pale waliona kwamba wanakiona.

Baada ya kifo chake, ukoo ulianza kuingia katika vitabu vya misheni, na hapo ndipo shida ya aina nyingine ilipoanza. Kwa desturi ya Kichagga mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Hivyo jina Meli halikufa. Lilirudi kwa wajukuu, na kutoka kwao likaendelea. Mtu akiliona katika kitabu cha ubatizo pasipo mwaka wa kuzaliwa ulio wa hakika, hawezi kujua kwa jina peke yake kama huyo ni mtoto wa Mangi, mjukuu, au kijukuu wa ndugu yake. Ubatizo uliongeza jina jipya, na mara nyingine jina la kwanza la nyumbani likaachwa kabisa, hata mwanafunzi aliyeitwa kwa jina moja shambani akawa na lingine katika orodha ya kanisa. Mwaka wa kuzaliwa wa watu wazima uliandikwa kwa kukisia, na makisio hayo yakinakiliwa kutoka kitabu hadi cheti, na kutoka cheti hadi jiwe la kaburi, huonekana kuwa kweli kwa sababu tu yameandikwa mara tatu.

Lipo pia jambo la wajane. Mume akifa, ndugu yake aliweza kumchukua mjane na kuwalea watoto, na watoto waliendelea kuhesabiwa wa marehemu. Mmisionari asiyeijua desturi hiyo aliweza kumwandika kuwa baba yule aliyemleta mtoto kanisani. Kwa ukoo uliopoteza wanaume wake wakuu kwa siku moja, kosa la namna hii si dogo; laweza kulihamisha tawi zima la ukoo kutoka kwa mtu hadi kwa ndugu yake, na pamoja nalo madai ya kihamba na heshima ya mji.

Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi tangu mwaka 1910 hadi mwaka 1938, ukiacha miaka ambayo Wajerumani walizuiwa kurudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliielewa desturi ya ukoo kuliko wengi wa wenzake. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, na mafundisho ya wazee kwa vijana aliyachapisha kwa vitabu vitatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Aliyaandika yale aliyosikia kwa wazee ambao baadhi yao walikuwa watu wazima katika siku za Rindi na Meli. Ni hazina. Lakini Gutmann aliupenda ukoo na ujirani wa kale kiasi cha kuuona kuwa na upatano zaidi kuliko ulivyokuwa, na mpelelezi wa ukoo atamsoma vizuri zaidi akilikumbuka hilo.

Wamisionari Wajerumani waliondolewa mwaka 1920, Wamarekani wa Augustana wakaja kushika kazi, na wengine wa Leipzig wakarudi katika miaka iliyofuata. Hivyo kumbukumbu za misheni zilipita mikononi mwa watu wa lugha mbalimbali. Za serikali zilipatwa na makubwa zaidi: baadhi ya mafaili ya Wajerumani yalifukiwa ardhini wakati wa vita na kufukuliwa baadaye chini ya utawala wa Waingereza, na mengine hayakuonekana tena.

Yote hayo yangeweza kuwa mambo ya karatasi tu, kama si kichwa cha Mangi. Ukoo wake ulisimulia tangu awali kwamba baada ya kunyongwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Ili kuelewa uzito wa neno hilo, ni lazima kukumbuka maziko ya Wachagga wa kale. Mkubwa mwenye uzao alizikwa katika kihamba chake, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa mahali patakatifu ndani ya mgomba, pakizungushiwa masale. Hapo ndipo wazao walipokutana na baba zao. Mtu aliyekatwa kichwa na kichwa kikapelekwa ng'ambo amewekwa nje ya mpango huo, na wazao wake wamepungukiwa kitu ambacho kila nyumba nyingine ilikuwa nacho. Ukristo ulibadilisha maziko. Haukuyaondoa maumivu hayo.

Kwa miaka mingi habari hiyo ilionekana kuwa hadithi. Lakini ilijulikana kwamba Felix von Luschan wa makumbusho ya Berlin aliwaomba maofisa na watu wengine waliokuwa katika makoloni wampelekee mafuvu ya watu, na kwamba alikusanya maelfu. Mengine yalitoka kwa watu waliouawa, na mengine yalichukuliwa katika mahali pa maziko, na masale ya Wachagga hayakuheshimiwa. Mkusanyiko wake mwenyewe uliuzwa alipofariki mwaka 1924, ukaenda New York. Ule wa makumbusho ukabaki Berlin, na mwaka 2011 ukawa chini ya Taasisi ya Urithi wa Kitamaduni ya Prussia. Vibandiko na maandishi yaliyoambatana na mafuvu hayo ndiyo yaliyokuwa kumbukumbu pekee, na mengi yalikuwa neno moja au mawili: jina la mahali, jina la kabila, mara chache jina la mtu.

Watanzania walikuwa wamekwisha kuona jinsi kumbukumbu za namna hiyo zinavyoweza kuacha mashaka. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliidai Ujerumani fuvu la Mkwawa wa Wahehe. Gavana Edward Twining alilichagua moja huko Bremen, kwa kupima mafuvu na kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa, likarudishwa Kalenga mwezi Juni mwaka 1954. Wahehe wamelipokea na kulitunza. Wataalamu wamebaki na mashaka kama kipimo kile kiliweza kuthibitisha kitu chochote.

Mjukuu wa Mangi Meli alidai kichwa cha babu yake kwa miongo mingi, na katika uzee wake akatoa sampuli ya mwili wake ili ilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin. Tarehe 2 Machi 2019 sanamu ya Mangi ilizinduliwa pale Tsudunyi, karibu na mti, huku majibu yakiwa hayajapatikana.

Mwezi Septemba mwaka 2023 taasisi ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yao kutoka Rwanda. Kwa mafuvu machache yenye habari za kutosha, watafiti walitafuta wazao na kupima vinasaba. Mafuvu matatu yalipatiwa jamaa walio hai, wote wa Tanzania. Mawili yalihusiana na familia ya Kaaya, jina la ukoo wa watawala wa Wameru. La tatu lilikuwa na neno Akida katika maandishi yake. Neno hilo ni cheo, na mgeni angelipita kuwa halifai kitu. Lakini Old Moshi walikuwapo watu waliojua kwa kusimuliwa kwamba mshauri mkuu wa Mangi Meli aliitwa Akida, na walijua wazao wake ni akina nani. Wazao hao wakatoa sampuli, na vinasaba vikapatana na fuvu kikamilifu.

Neno moja katika kumbukumbu za Berlin lilisimama tu kwa sababu familia moja ilikuwa imelitunza jina hilo kwa miaka zaidi ya 120. Fuvu la Mangi mwenyewe halikuwa miongoni mwa yale matatu.